Wasomaji Wanauliza: Nyoka wa Dodoma, kichwa cha pembetatu kisikudanganye

Mvua zikianza tu kanda ya kati, picha za nyoka zinajaa kwenye simu. Safari hii nimechukua zile zinazoonekana, maana wengine mmetuma kitu cha kijivu gizani halafu mnauliza "huyu nani?"

Mfuga kuku, Bahi: Shikamoo. Nimemkuta nyoka bandani, mwembamba, rangi ya vumbi, ana mabaka meusi mgongoni. Nilipomsogelea akajikunja, kichwa kikawa bapa kama pembetatu, akaanza shhhh. Majirani wakasema kifutu huyo, tukamuua. Mbona mayai bado yanapotea? Au mwenzake yupo?

Jibu: Marahaba. Kwa picha hii mmemuonea bure, huyo ni nyoka mla mayai, hana sumu na meno yenyewe karibu hana. Janja yake ndiyo hiyo, akitishwa anatanua kichwa aonekane kifutu, na ile sauti haitoki hata mdomoni, anasugua magamba ya ubavuni huku anajizungusha. Kifutu mwenyewe (wengine mnamwita moma) ni mnene, mkia mfupi, na mgongoni ana alama za V zimepangana kutoka shingoni mpaka mkiani, akitishwa anajijaza hewa halafu anapumua kwa nguvu unamsikia kama mtu anatoa upepo kwenye tairi. Kwahiyo achaneni na hii ya "kichwa pembetatu ndio mwenye sumu", swila na koboko hawana kichwa hicho na wanaua vilevile.

Sasa mayai. Angalia maganda. Mla mayai anameza yai zima, mifupa ya uti wa mgongo inalipasulia ndani ya koo, ute unashuka tumboni na ganda analitema limebonyea, vipande bado vimeshikana na ule utando. Ukikuta maganda yamevunjwavunjwa na kutawanyika hapo shuku nguchiro. Lakini kama yai linaondoka na ganda lake, huoni hata kipande, na vifaranga navyo vinapungua, mi ningemfikiria swila kwanza, maana yeye anameza vyote.

Na swila si wa kuchungulia. Mara nyingi ni mweusi au kijivu, chini ya koo mweusi, na wengi wana mkanda wa pinki au mwekundu hapo tumboni karibu na shingo. Anatema sumu zaidi ya mita 2 na analenga macho, kwahiyo usiku usiingize uso kwenye kimlango cha banda, mulika ukiwa mbali. Ikikuingia suuza kwa maji mengi safi dakika 15 mpaka 20, usifikiche, halafu nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Fundi ujenzi, Nala: Kaka, kwenye saiti yetu kuna kichuguu, kametoka kanyoka karefu (sio kanyoka, ni jitu), kama mita mbili na nusu hivi, rangi ya kijivu. Fundi mkuu anasema koboko ni mweusi ti na ana upanga kichwani kama jogoo, huyu hana, tuendelee kuchimba. Unasemaje?

Jibu: Msichimbe! Huyo anafanana sana na koboko. Mwili wa koboko ni kijivu, kahawia au kama zeituni iliyoiva, weusi wake uko ndani ya mdomo, na ukiuona huo mdomo umeachama ujue anakuonya urudi nyuma. Upanga wa jogoo hana, nadhani watu wanaona ngozi ya zamani iliyogoma kutoka kichwani nyoka anapojivua gamba. Anapenda kichuguu kilichokufa, pango la mbuyu, nyufa za mawe, na akipata nyumba nzuri anarudi hapohapo siku nyingi, ndio maana kumfukia shimo halafu kuendelea na kazi ni kujitafutia. Hadithi ya kukimbiza pikipiki nayo muiache, mwendo wake hata kilomita 20 kwa saa ni wa kukadiria, na akikimbia mara nyingi anakimbilia shimoni kwake, tatizo nyie mmesimama katikati. Sogezeni watu mbali, mtafuteni anayejua kukamata nyoka au ofisi ya maliasili ya wilaya.

Mama wa Mpwapwa: Kwenye dari letu la tembe kuna nyoka wa kahawia, ana mstari mweupe mweupe unapita jichoni, mpole tu. Nimwage mafuta ya taa?

Jibu: Hapana mama, weka mafuta yako. Huyo ni nyoka wa nyumbani, hana sumu, anafuata panya waliofuata uwele wako.

Mwalimu, Kongwa: Mwanafunzi aking'atwa, tumuue nyoka tumpeleke naye hospitali ili daktari amtambue? Na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu?

Jibu: Mwalimu, kumsaka nyoka ndio namna ya kupata mgonjwa wa pili, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Ukiweza piga picha ukiwa mbali, basi. Daktari anatibu kwa dalili zaidi: uvimbe na malengelenge vinaelekea kwa kifutu au swila, kope kulegea na kushindwa kupumua mara nyingi ni koboko, ufizi kuvuja damu masaa mengi baadaye ni yule wa mitini mwenye macho makubwa, mara nyingi wa kijani (boomslang), na dawa yake ni tofauti, dawa ya kawaida ya mchanganyiko, ile ya sumu za nyoka wengi kwa pamoja, haimgusi. Jiwe halinyonyi kitu, linakula muda tu. Usichanje, usifunge kamba ya kukaza, vua pete na viatu, mtoto asitembee. Kama ni bodaboda akae katikati, mtu mwingine amshike nyuma, na wakati mnaondoka mmoja apige simu kuuliza kituo gani kina dawa leo, si kila zahanati inayo.