Ushago wa Ufaransa kwa gari: tulale wapi?

SWALI: Habari yako Msafiri. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nakuru. Binti yetu anafanya kazi Bordeaux, ametuita mimi na mzee tuende Septemba, tukae naye kidogo halafu tukodi gari tuzunguke mashambani kama siku kumi hivi. Shida ni mzee. Ana orodha. Anataka Provence aone lavenda, anataka makasri ya Loire, anataka yale mapango ya michoro ya watu wa kale, na kila usiku tulale mji mpya. Mimi magoti yananisumbua na hiyo kazi ya kufunga sanduku kila asubuhi siitaki. Binti naye amependa kijiji kinaitwa Domme, kiko juu ya mwamba, ameona picha kwa Instagram na anasema tukodi nyumba hapo hapo. Tufuate nani? Mama Mwalimu, Nakuru.

JIBU: Mwalimu, pole kwa magoti na hongera kwa binti. Kwanza tupunguze orodha ya mzee bila kumkasirisha, kwa sababu kalenda yenyewe itafanya hiyo kazi. Lavenda ya Provence huchanua kuanzia kati ya Juni hadi Julai halafu inavunwa, kwa hivyo Septemba mtafika mkute vichaka vimekatwa na picha za lavenda ziko kwa kadi za kuuza tu. Provence imetoka. Loire nayo, kutoka Bordeaux hadi Tours, mji wa huko, ni kama kilomita 350, hiyo si safari ya mchana mmoja kwenda na kurudi. Lakini kama mtaruka kurudi nyumbani kutoka Paris basi mzee ana bahati, kwa sababu kuna treni za kasi, TGV, za Bordeaux kwenda Paris ambazo husimama Saint-Pierre-des-Corps, nje kidogo ya Tours, mnashuka hapo mnalala Amboise usiku mmoja au mbili, anaona nyumba ya Clos Lucé alikofia Leonardo da Vinci mwaka 1519, anaona Chenonceau ile kasri imejengwa juu ya mto, roho inatulia, na hamjaendesha gari masaa yote hayo.

Kinachobaki ni Dordogne, eneo lenye yale mapango ya mzee na kile kijiji cha binti, na kwa kweli hata mngeniuliza bila orodha ningewapeleka huko. Ni kama masaa mawili na nusu kwa gari kutoka kwa binti. Na vitu vimekaribiana, ndiyo maana nakuunga mkono wewe na si mzee: nyumba moja, siku zote. Mtu akija kutembea hii Western yetu akalala Kakamega town, msitu uko hapo, jiwe la Ilesi hapo, maporomoko ya Webuye asubuhi akaenda akarudi, Kisumu akashuka kula samaki jioni. Hatahama hoteli kila siku kwa nini? Dordogne ni hivyo hivyo.

Sasa kuhusu binti na Domme. Hapa ndipo watu wengi huteleza, wanachagua nyumba kwa uzuri wa mchana. Mimi nasema chagua kwa jioni. Mchana hamtakuwa hapo, mtakuwa mnazunguka! Jioni ndiyo mtakuwa kwa nyumba, mmechoka, na hapo swali ni je, naweza kutembea kwa miguu nikapate mkate, maziwa, labda kiti cha kunywa kahawa nje, ama lazima mzee awashe gari tena ashuke mlima gizani. Vijiji vya picha vingi ni mawe na miteremko, gari linaachwa kwa parking ya kulipia nje ya kijiji na mnabeba vitu kwa mkono. Domme nendeni, tena msikose, ukiwa juu unaona bonde lote la mto Dordogne, kunyweni kitu hapo, halafu mshuke.

Mahali pa kulala tafuteni mji mdogo wa kawaida ambao watu wanaishi na kufanya kazi, wenye duka la mkate, famasia na supamaketi. Ningeangalia Saint-Cyprien kwanza, halafu Le Bugue. Saint-Cyprien iko kati ya Les Eyzies na Beynac, ina soko siku ya Jumapili na ina stesheni ya treni kwa laini ya Bordeaux hadi Sarlat, kwa hivyo binti akimaliza likizo yake mapema anaweza kupanda treni akarudi kazini na nyinyi mkabaki na gari. Ila mji wa juu pale una mteremko, ombeni nyumba ya chini karibu na barabara kuu. Le Bugue iko kando ya mto Vézère, ni tambarare zaidi, soko lake kubwa ni Jumanne. Sarlat yenyewe ndiyo yenye jina, soko Jumatano na Jumamosi, ni mzuri sana kutembelea lakini kulala katikati ya mji wa kale na gari ni kujitafutia shida ya parking.

Kabla ya kulipa nyumba, Mwalimu, fungua picha zote, usiishie kwa ile ya bwawa la kuogelea. Tafuta picha ya ngazi. Nyumba za mawe za huko nyingi zina ngazi ya mbao nyembamba, imejikunja kama konokono, vyumba viko juu na choo ni kimoja tu na kiko chini, halafu wewe na hayo magoti saa nane usiku unashuka ukishikilia ukuta. Kama hakuna picha ya ngazi, uliza. Uliza pia kama mashuka na taulo ziko ndani ya bei kwa sababu kwa hizi nyumba za likizo, wenyewe wanaziita gîte, mara nyingi unaleta zako au unalipia. Julai na Agosti wengi hukodisha Jumamosi hadi Jumamosi tu, Septemba wanalegeza, kwa hivyo bembeleza.

Mzee atapata mapango yake. Lascaux yenyewe, ile iligunduliwa 1940, ilifungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro, kwa hivyo mtaona nakala yake kamili pale Montignac, Lascaux IV, iliyofunguliwa 2016. Usimwambie mapema kwamba ni nakala atanuna, akiingia atasahau. Akisisitiza anataka rangi ya kweli, pango la Font-de-Gaume hapo Les Eyzies bado inaingiza watu wachache, binti abuku mapema. Bebeni sweta, ndani ni baridi.

Na kuna mahali ambapo ningewapeleka hata kabla ya mapango. Karibu na kasri la Castelnaud, lile linalotazamana na Beynac ng'ambo ya mto, moja lilikuwa la Waingereza na lingine la Wafaransa wakati wa ile vita yao ya miaka mia, kuna Château des Milandes. Hiyo ilikuwa nyumba ya Josephine Baker, msichana mweusi aliyetoka St. Louis, Marekani, akawa nyota Paris, akafanya ujasusi dhidi ya Wanazi, akalea watoto 12 aliowaasili kutoka nchi mbalimbali kwenye nyumba hiyo hiyo, mwishowe madeni yakamtoa. Mwaka 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, jumba la Paris la kuwaenzi mashujaa wake, mwanamke mweusi wa kwanza. Mwalimu wa watoto maisha yote, hapo utakaa.

Siku moja msifanye chochote. Nasema hivyo kwa mzee. Siku hiyo pandeni tu boti za mbao pale La Roque-Gageac, unakaa mto unakubeba, magoti yamepumzika.

Viza msisahau: binti aende kwa ofisi ya manispaa yao aombe ile barua ya kuwakaribisha, attestation d'accueil, na bima yenu ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Anzeni mapema, maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla.

SWALI: Msafiri, nimeona mkijadili kuendesha huko. Mimi naendesha probox ya biashara hapa Bungoma miaka mingi, laiseni yangu ya Kenya inatosha? Kijana wa Bungoma.

JIBU: Ibebe pamoja na kile kibali cha kimataifa cha kuendesha, AA Kenya wanatoa. Huko wanashika kulia, usukani uko kushoto, na gari nyingi za kukodi ni manual kwa hivyo kama unataka otomatiki sema wakati wa kubuku na utalipa zaidi. Kitu ambacho kitakushtua ni hiki: kwa vijiji visivyo na alama kwenye njia panda, gari linalotoka upande wako wa kulia ndilo lina haki ya kupita hata kama linatoka kwa kanjia kadogo na wewe uko barabara kubwa. Usibishane nalo kama uko stage. Barabara nyingi za mashambani ni kilomita 80 kwa saa, kaunti zao zingine zimerudisha 90, soma bango. Na utahitaji kadi ya krediti yenye jina la dereva, ya M-Pesa haitasaidia kwa kaunta.

SWALI: Chama chetu cha akina mama Kisumu tuko saba, tumeweka pesa miaka, tunataka Alsace vijiji vya maua na divai. Tukodi van moja ama magari mawili? Mweka hazina.

JIBU: Mama mweka hazina, magari mawili madogo. Van ya watu tisa leseni ya kawaida inaruhusu, lakini saba na masanduku saba, kwa vichochoro vya Riquewihr na Eguisheim, mtagombana kabla ya Jumatano. Tena gari mbili zinamaanisha wanaotaka kulala mchana warudi. Laleni Turckheim, si Colmar mjini: ni kijiji chenyewe cha divai, kina treni fupi hadi Colmar, kwa hivyo siku ya kuonja divai magari yote yanabaki nyumbani na hakuna haja ya kupiga kura nani asikunywe. Maana siku ya kuendesha, kiwango cha pombe kinachoruhusiwa huko ni chini ya gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa madereva wapya, na polisi wanapima.