Kabla ya Kuomba Nafasi ya Famasia: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, niko mwaka wa mwisho wa sekondari na ninakusudia kusomea famasia. Baiolojia ninaimudu vizuri, ila alama zangu za kemia ni za wastani. Ili niwatangulie wenzangu, nimejipatia kitabu kinene cha dawa, na kila usiku ninakariri majina, matumizi na madhara yake. Je, niko katika njia sahihi?

JIBU: Bidii yako inastahili pongezi, lakini kwa sasa umeielekeza pasipo na faida. Majina ya dawa utafundishwa chuoni kwa utaratibu wake, na wanaopitia maombi hawatarajii uwe umeyajua; wanachokitazama kwanza ni matokeo yako ya kemia, baiolojia, hisabati na, katika vyuo vingi, fizikia. Kifunge kitabu hicho, kisha saa za usiku uzitoe kwa kemia, ambayo wewe mwenyewe umekiri kuwa ndiyo inayolegalega.

Kemia haiwekwi katika masharti ya kujiunga kwa ajili ya kuwachuja waombaji tu. Chukua aspirini. Kwa mwanakemia, molekuli yake ni asidi dhaifu na papo hapo ni esta, yaani msombo ambao maji yanaweza kuuvunja, na mambo hayo mawili yanaeleza mengi ambayo mkariri angelazimika kuyashika moja moja. Kwa kuwa ni asidi dhaifu, ndani ya tumbo lenye asidi kali molekuli zake nyingi hubaki bila chaji, na molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa seli kwa wepesi zaidi. Kwa kuwa ni esta, unyevu huivunja ikatoa asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki. Ndiyo maana vidonge vya aspirini vilivyohifadhiwa vibaya huanza kunuka siki. Mwanafunzi aliyeelewa mada ya asidi na besi, pamoja na ile ya esta, anaweza kuyafikia haya kwa kufikiri, hata kama hajawahi kuambiwa.

Basi rudia mada za moli na ukolezi wa miyeyusho, asidi na besi, msawazo wa kemikali, kasi ya mmenyuko, na kemia ya misombo ya kaboni, hususani vikundi tendaji na isomeri. Mada hii ya mwisho wanafunzi wengi huisoma kama orodha ya mimenyuko isiyohusiana, na kwa maoni yangu ndipo wanapojiharibia. Kila unapokutana na mmenyuko, jiulize elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi, kisha chora molekuli kwa mkono wako pasipo kutazama daftari. Ukishindwa kuichora, hujaielewa, hata kama uliposoma ukurasa ule uliona kila kitu kiko wazi.

Baiolojia, kwa kuwa unaimudu, haihitaji maneno mengi. Itie nguvu katika muundo wa seli, vimeng'enya, na kazi za ini na figo, viungo viwili vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzibadilisha dawa na kuzitoa mwilini. Penisilini, kwa mfano, huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Seli za binadamu hazina ukuta huo, na kwa sababu hiyo dawa humdhuru bakteria ikamwacha mgonjwa. Aliyesoma sura ya seli kwa makini anayo tayari nusu ya somo hilo.

SWALI: Mhariri mpendwa, binti yangu anataka kuwa mfamasia, lakini hisabati inamtia hofu. Ananiambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa famasia ni dawa tu, haina hesabu. Ni kweli?

JIBU: Hapana, mama, si kweli, na ni heri alijue hilo mapema. Hesabu za famasia kwa sehemu kubwa si ngumu, ila hazisamehi kosa. Tuseme mtoto mwenye uzito wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo, na dawa iliyopo ni ya maji, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Anahitaji miligramu 180, yaani mililita 7.5. Nukta ya desimali ikiteleza nafasi moja tu, mtoto atapewa mililita 75, mara kumi ya dozi yake.

Amudu uwiano, asilimia na ubadilishaji wa vipimo hadi aache kusitasita, kisha aingie kwenye logarithimu, kwa maana pH, kipimo cha ukali wa asidi au besi, imejengwa juu yake: tofauti ya 1 katika pH ni tofauti ya mara kumi katika ukolezi wa ioni za haidrojeni. Ajifunze pia kupungua kwa nusu kwa nusu. Dawa inayopungua kwa nusu kila baada ya saa 6 itakuwa imebaki sehemu moja ya kumi na sita baada ya saa 24, yaani kama asilimia 6. Na kabla ya kugusa kikokotoo, akadirie jibu kichwani. Mwenye mazoea hayo atashtuka akiiona 75 mahali alipotarajia kitu kati ya 5 na 10.

SWALI: Nilimaliza sekondari miaka kadhaa iliyopita bila kusoma fizikia. Je, nirudi nikaisome?

JIBU: Usianze kwa kurudi darasani, anza kwa kupata masharti ya maandishi ya kila chuo unachokifikiria, kwa sababu hayafanani. Vipo vinavyoitaka fizikia, vipo vinavyoridhika na hisabati, na vipo vinavyotoa mwaka wa matayarisho au kumpokea mwenye stashahada ya fundi dawa. Uliza vilevile kama matokeo ya sayansi yana ukomo wa muda, kwani baadhi ya vyuo havikubali yaliyozeeka. Ikiwa yako yamepitwa, huenda ukalazimika kuifanya upya hata kemia, na hapo itakuwa rahisi kuiongeza fizikia katika mwaka huohuo.