Maswali yenu: GPL 2, GPL 3 na ile kauli ya "toleo lolote la baadaye"

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanahusu namba inayofuata jina la GPL, leseni ya programu huria inayotaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Watu huipita bila kuitazama, nayo ndiyo inayoamua kama maktaba mbili, yaani msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie, zinaweza kusambazwa ndani ya programu moja.

Maktaba niliyoipata imeandikwa "GPL" tu, bila namba. Nifuate toleo lipi?

GPL ina matoleo matatu: la 1989, la 1991 na la 2007. Leseni yenyewe imeshalitolea jibu suala lako: mwandishi asipotaja namba, una ruhusa ya kuchagua toleo lolote lililowahi kutolewa na Free Software Foundation, taasisi inayoitoa leseni hii. Ila usikimbilie huko kabla ya kufungua faili za msimbo na kusoma maelezo ya hakimiliki yaliyo juu kabisa. Mara nyingi namba imo humo.

Faili ya COPYING ina maandishi ya GPL toleo la 2. Basi maktaba ni ya toleo la 2, sivyo?

Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Faili hiyo inakupa maandishi ya leseni. Ruhusa aliyoitoa mwandishi huwa imeandikwa juu ya kila faili ya msimbo, na huko utakuta moja kati ya kauli mbili: ama toleo la 2 peke yake, ama toleo la 2 "au, ukipenda, toleo lolote la baadaye". Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Kiini cha Linux kiko chini ya toleo la 2 peke yake, na kukihamishia toleo la 3 kungehitaji ridhaa ya wenye hakimiliki, ambao ni maelfu.

Miradi mingine huweka juu ya faili mstari mmoja wa SPDX, yaani jina sanifu la leseni: GPL-2.0-only au GPL-2.0-or-later. Ukiukuta, umepata jibu. Kama wewe ndiye mwandishi, tafadhali uweke. Utawaondolea watumiaji wako kazi ya kubahatisha.

Kwa nini GPL 2 na GPL 3 zisichanganyike, ilhali zimetoka taasisi moja?

Kila moja inataka kazi nzima itolewe kwa masharti yake, bila kuongezewa vizuizi vingine. Sasa toleo la 3 lina masharti ambayo la 2 halina. Kwa mfano, anayeuza kifaa cha matumizi ya nyumbani chenye programu hiyo ndani, na ambacho programu yake inaweza kubadilishwa, anatakiwa kumpa mnunuzi maelezo ya kuweka humo programu aliyoirekebisha mwenyewe. Kwa toleo la 2, sharti hilo ni kizuizi cha ziada.

Readline, maktaba ya kuhariri mstari wa amri, ilihamia GPL 3 kuanzia toleo lake la 6. Programu zilizofungwa kwenye GPL 2 peke yake zikabaki na Readline ya zamani, au zitafute maktaba nyingine. Kwa anayetumia mwenyewe bila kumpa mtu nakala, mgongano huu haumgusi. Unaanza pale anaposambaza.

Nilipojenga FFmpeg ikagoma, ikasema libopencore_amrnb inahitaji --enable-version3. Inataka nini kwangu?

Inataka ukubali leseni. FFmpeg, programu ya kushughulikia video na sauti, kwa kawaida ni LGPL 2.1 au toleo la baadaye; LGPL ni ndugu ya GPL mwenye masharti mepesi zaidi. Maktaba ya opencore-amr uliyoiomba iko chini ya Apache 2.0, leseni nyingine ya programu huria, ambayo inapatana na GPL 3 lakini haipatani na GPL 2. Kwa kuweka --enable-version3 unakubali kwamba utakachokisambaza kitakuwa cha toleo la 3. Na hilo limewezekana kwa sababu tu waandishi wa FFmpeg waliacha ile kauli ya "au la baadaye".

GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa, ilichukua njia ninayoipenda zaidi: inatolewa kwa LGPL 3 na GPL 2 kwa pamoja, uchague mwenyewe, na watu wa GPL 2 peke yake hawaachwi nje.

Mradi ukibadili leseni, nakala yangu ya zamani inakuwaje?

Inabaki na masharti yake ya awali, maadamu unayafuata. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilihamia Apache 2.0 kwenye toleo la 3.0 mwaka 2021. Nakala za 1.1.1 zina leseni zake zilezile. Kuwa mwangalifu na marekebisho ya usalama: ukinakili msimbo kutoka toleo jipya kwenda la zamani, umeuchukua pamoja na leseni yake mpya.