Kifusi cha nyumba ya zamani, nikizoe au nikitumie?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Tumebomoa nyumba ya zamani, uani kumejaa kifusi, matofali, mapande ya zege, mbao, vyote vimechanganyika. Mwenye lori anataka hela nyingi kukizoa na mimi nataka njia za bustani na kaukuta ka kuzuia udongo kwenye mteremko. Naweza kutumia hichohicho au ntaharibu?

JIBU: Huyo wa lori asubiri kwanza. Kazi kubwa hapo ni kuchambua, manake kifusi kinakuwa takataka pale kinapochanganyika. Bodi za jipsamu za dari weka mbali kabisa, zina salfeti, zikiingia kwenye zege jipya linavimba na kupasuka. Na kama kulikuwa na vigae au mabati ya asbesto usivunje wala usifagie, vumbi lake linaleta saratani, waite wenye vifaa.

Matofali yaliyojengewa chokaa ni raha, unagonga kidogo kwa nyundo chokaa inadondoka yenyewe, ila ya simenti utavunja tofali kabla simenti haijaachia, hayo ponda utandaze chini ya njia.

Sasa zege, hapa ndo watu wanakosea, wanakimbilia kuponda. Mapande ya sakafu yapange kavukavu bila simenti, makubwa chini, uso ulionyooka uangalie nje, ukuta wenyewe ulalie mteremko kidogo na nyuma ujaze vipande vidogo maji yapite, maana maji yakituama nyuma ndo yanausukuma. Nondo zilizochomoza kata na grainda. Ukipita mita 1 kwenda juu muone injinia. Kokoto za zege la zamani zinanyonya maji kuliko za mawe, kwa hiyo kwenye nguzo na slabu usizitie kwa kukisia, na zikiwa jirani na mimea inayotaka udongo wenye asidi majani yatakuwa njano.

Kama unahofia kuonekana umeishiwa, msanifu majengo Wang Shu alijenga Makumbusho ya Historia ya Ningbo kule China, yakaisha 2008, kuta zina matofali na vigae vya vijiji vilivyobomolewa, saizi hazilingani hata kidogo, na 2012 akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani.

Mbao chomoa misumari utengeneze benchi, ila zenye rangi ya zamani au zilizotiwa dawa zisiguse tuta la mboga, wala usizichome jikoni.