Maswali ya Wasomaji: Podikasti ya Theolojia, Swali Kwanza, Mgeni Baadaye

Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni vijana wa usharika mmoja hapa Morogoro, tuna podikasti ya theolojia. Kila mgeni tukimpa mada, kwa mfano "Utatu Mtakatifu", anaishia kuhubiri. Tunakosea wapi?

Bwana asifiwe sana. Mnampa mgeni jina la mada, hamjampa swali. Aliyezoea mimbari akiambiwa "Utatu Mtakatifu, dakika arobaini" atafanya kazi anayoijua: atasoma andiko, atatoa vichwa vitatu, atamalizia na mwito. Mpeni kitu chenye mipaka: "Arius, padre wa Aleksandria, alimweka Kristo juu ya viumbe vyote, kwa nini basi Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimkataa mwaka 325?" Swali hilo halijibiki mpaka aeleze Arius alifundisha nini hasa, kwamba Mwana ana mwanzo na aliumbwa, na kwa nini Kanisa liliona wokovu wenyewe unaguswa.

Kabla swali halijaingia kwenye ratiba, lipimeni. Je, watu wawili makini wanaweza kulijibu kwa namna tofauti? Kama hawawezi, hilo ni somo la kipaimara. Ni jema, ila halizai mazungumzo. Je, kuna aya ya Biblia au ya hati ya kale itakayosomwa kipindini, ili msikilizaji asitegemee kauli ya mgeni peke yake? Na msikilizaji hukutana nalo wapi: ibadani, msibani, au kwenye ubishi wa kijiweni? Swali lisilokutana na mtu popote liacheni, hata kama mnalipenda.

Kwa kuanzia, msimu wa vipindi sita juu ya jambo moja unatosha. Imani ya Nikea, yaani ungamo la imani linalokiriwa ibadani, inafaa sana. Anzeni na Arius. Cha pili kiwe maana ya maneno "mwenye umungu mmoja na Baba", ambayo Mkatoliki huyatamka kila Jumapili. Cha tatu kieleze yaliyotokea hadi mwaka 381, kwa sababu maneno tunayokiri leo yanahusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli, si Nikea peke yake. Cha nne kiulize kwa nini Waorthodoksi hawasemi kwamba Roho hutoka kwa Baba "na Mwana". Mgeni wake awe Mwothodoksi, na Kenya wana seminari yao Riruta, Nairobi. Cha tano kiwe cha Wapentekoste: kanisa lisilokiri imani hii ibadani huilinda vipi imani yenyewe? Cha sita wapeni wasikilizaji waulize.

Kuna kosa moja litakalowafuata msimu mzima. Wageni wengi, hata wasomi, husema Nikea ndiko vitabu vya Biblia vilikochaguliwa. Si kweli. Kanuni 20, yaani sheria, za mtaguso ule hazina orodha ya vitabu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi tulivyo navyo, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio ya mwaka 367. Tena Athanasio alihudhuria Nikea akiwa shemasi. Uaskofu wa Aleksandria aliupata mwaka 328. Mwendeshaji awe na miaka hii kwenye karatasi mbele yake, asahihishe kwa upole palepale. Kosa likishatoka hewani, masahihisho ya wiki ijayo hayamfikii kila aliyelisikia.

Nitawapataje wageni wazuri, na niwaandikie nini? Wachungaji wanakubali halafu siku ya kurekodi hawatokei. — Mratibu wa vipindi, Dodoma

Angalia kwanza siku unazowaitia. Jumamosi mchungaji ana harusi au anaandaa mahubiri, Jumatatu wengi hupumzika, na Juma Kuu na Desemba ni kumsumbua bure. Omba Jumanne hadi Alhamisi asubuhi. Vipindi vya Kwaresima virekodiwe kabla ya Jumatano ya Majivu, na uwe na vipindi vitatu vilivyokamilika kabla ya kutoa cha kwanza, ili mgeni akiahirisha usikose cha kutoa.

Usichague mgeni kwa cheo. Askofu huongea akijua kila neno litachukuliwa kuwa msimamo wa dayosisi, kwa hiyo hujihadhari, na ni haki yake. Kwa swali la kihistoria tafuta mhadhiri wa chuo cha theolojia aliyelifundisha. Kwa swali la kichungaji, kama kumzika aliyejiua, tafuta mchungaji wa usharika au mwinjilisti aliyesimama makaburini. Tafuta pia wanawake waliosoma theolojia, na usiwaite kwa vipindi vya ndoa na malezi tu. Waite waeleze Waraka kwa Warumi.

Barua iwe fupi: swali lenyewe, wasikilizaji ni akina nani, muda, nani mwingine atakuwepo, na kama kuna nauli, kiasi gani. Taja pia kwamba mtahariri, na kwamba ataruhusiwa kusahihisha kosa la ukweli lakini si kufuta jibu kwa sababu amebadili mawazo. Siku chache kabla, mpigie simu kwa dakika 15. Ukisikia anasoma badala ya kuzungumza, mwambie aache karatasi nyumbani. Mtumie maswali matano hadi saba, usimtumie ishirini: ukituma ishirini atayakimbilia yote na hamtazama katika lolote.

Tunataka kumkutanisha Mlutheri na Mbaptisti juu ya ubatizo wa watoto. Tunaogopa ugomvi.

Ugomvi huanza pale mmoja anapomjibu mwenzake kitu ambacho hakusema. Kwa hiyo, kabla ya hoja yoyote, kila mmoja aeleze imani ya mwenzake mpaka huyo akubali, "Ndiyo, hicho ndicho tunachoamini." Tengeni dakika nane kwa hilo, wala msizikate mnapohariri.

Kisha wote wawili wasome maandiko yaleyale: Matendo 2:38–39, Matendo 16:33, Wakolosai 2:11–12. Mlutheri aulizwe imani ya mtoto mchanga iko wapi. Mbaptisti aulizwe "watu wake wote" wa mlinzi wa gereza walikuwa akina nani. Maneno kama "ubatizo wa maji mengi" yaelezwe yanapotajwa. Msiwapigishe kura wasikilizaji nani ameshinda. Mkifanya hivyo, wageni wa msimu ujao watakuja kupigana.

Kipindi kiwe na urefu gani? Wasikilizaji wetu wanalalamikia bando.

Dakika 35 hadi 40. Mazungumzo matupu yanatosha kuhifadhiwa kwa MP3 ya mono (njia moja ya sauti), kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 40 zitakuwa kama MB 19, wakati kwa kilobiti 128 zingefika 38. Rekodini kwa ubora wa juu, mpunguze mwishoni baada ya kuhariri, kwa sababu sauti iliyobanwa mara mbili hukwaruza.