Risasi kwenye damu ya mtoto: ukiambiwa "iko chini ya kiwango" usilale

Mkuu, umesema binti yako wa miaka mitatu kapimwa damu ikakutwa risasi (yale madini mazito ya kwenye betri, sio ya bunduki) mikrogramu 6 kwa desilita, yaani kwa sehemu moja ya kumi ya lita, ukaambiwa ni kidogo usiwe na presha. Mimi jibu kama hilo nilishapewa, ngoja nikusimulie.

Navua kwa mshipi hapa Tanga, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) tulikuwa tunajitengenezea kwa risasi, unavunja betri mbovu ya gari, unatoa zile bati za ndani unayeyusha kwenye sufuria kuukuu hapo hapo uani, unamimina kwenye mchanga, watoto wamekuzunguka wanaangalia. 2011 mwanangu ana miaka miwili, damu yake ikawa inapungua kila mara, daktari akaagiza sampuli ipelekwe Dar. Ikarudi mikrogramu 9 kwa desilita. Nikaambiwa mpaka ni 10, yuko salama. Nikashukuru Mungu nikaendelea kuyeyusha.

Sasa ile 10 ilikuwa ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ya 1991. 2012 wakaishusha ikawa 5, 2021 ikawa 3.5, na hata hiyo 3.5 ni alama tu ya kujua mtoto gani kazidi wenzake, sio kwamba chini yake ni salama. Yaani damu ile ile ya mwanangu 2011 ni salama, mwaka unaofuata sio salama!

Najua mtasema sumu ni kipimo, hata chumvi ukizidisha inaua. Kwa kemikali nyingi sawa, wanatafuta dozi ambayo mnyama haonyeshi madhara, wanaigawa kwa 100 (mara 10 kwa sababu mtu sio panya, mara 10 tena kwa sababu watu hatufanani) ndo unapata kiwango. Ila kwa risasi hiyo dozi isiyodhuru haijapatikana, ndo maana 2010 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya) ikafuta ile mikrogramu 25 kwa kilo ya uzito kwa wiki iliyokuwa inaruhusiwa. Na kuna utafiti wa 2005, watoto 1,333, risasi kwenye damu ikipanda kutoka 2.4 mpaka 10 IQ (kipimo cha akili) inashuka karibu pointi 4, kutoka 10 mpaka 20 inashuka kama 2, 20 mpaka 30 kama 1. Kile kidogo cha mwanzo ndo kinakula zaidi aisee. Niliposoma hapo nililia, nasema ukweli.

Halafu mtoto tumbo lake linanyonya karibu nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi tu.

Nyumbani tuliacha kuyeyusha, udongo wa juu pale uani tukauondoa, sakafu tunapiga deki na maji badala ya kufagia vumbi, nguo za kazi haziingii ndani. Maharage, dagaa, mchicha kila siku, maana mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma ananyonya risasi zaidi. Baada ya miezi kadhaa ikashuka ikawa 4.

Kwa hiyo hiyo 6 tafuta inakotoka, kama jirani kuna fundi betri, rangi ya zamani inabanduka, au sufuria za kusubu (zile za chuma chakavu kilichoyeyushwa). Na kama walimtoboa kidole rudia kwa damu ya mshipa, kidole chenye vumbi kinaweza kupandisha namba.