Jibu: Panya, mabibo na dalili za mwanzo za saratani ya utumbo mpana

Mdogo wangu wa Mtwara, umeuliza upime nini kwenye utumbo wa panya uliowalisha unga wa mabibo makavu, maana kusubiri uvimbe wa saratani kutakula miezi na fedha.

Anza na vikundi vya kripti zisizo za kawaida (kripti ni vishimo vidogo vilivyojaa kwenye ukuta wa ndani wa utumbo). Mtafiti Ranjana Bird alivieleza mwaka 1987 kwenye utumbo wa panya waliopewa azoksimethani, kemikali ya kuanzishia saratani ya utumbo mpana kwa wanyama wa majaribio. Pasua utumbo mpana kwa urefu, usuuze, utandaze bapa juu ya karatasi, uzamishe kwenye formalini, kisha upake rangi ya methileni bluu. Chini ya hadubini ya kawaida kripti hizo ni kubwa, zimenyanyuka, zimekolea rangi, na tundu lake mara nyingi limebanwa kama mpasuo badala ya kuwa duara. Huonekana wiki chache tu baada ya sindano ya azoksimethani.

Ila usijumlishe idadi ya vikundi tu! Vingi havifiki kuwa saratani. Andika kila kikundi kina kripti ngapi. Vyenye nne na zaidi ndivyo vya kuangalia sana. Ukipata rangi za kuonyesha ute, tafuta pia vikundi vilivyopungukiwa ute, kwa maoni yangu ndivyo ushahidi mzito zaidi. Beta-katenini, aina ya protini, ikirundikana ndani ya kiini cha seli nayo ni ishara nzuri ya kutambulia hatari, lakini kingamwili za kuionyesha ni ghali.

Anayehesabu asijue panya yupi kala mabibo. Na azoksimethani yenyewe husababisha saratani, kwa hiyo glavu na kabati la kufyonza hewa ni lazima.